Je, vifaru vyote vya Ujerumani vilikuwa vya kijivu?

Wengi wanaounda modeli za vifaru vya Vita Kuu ya Pili ya Dunia huamini kwamba kifaru cha Mjerumani ni cha kijivu, basi. Imani hiyo ina chanzo: picha nyingi za enzi hizo hazina rangi, kwa hiyo kila kitu humo huonekana kijivu.

Kijivu kilichokolea kilitumika kweli miaka ya mwanzo. Lakini Februari 1943 ilitolewa amri rangi ya msingi iwe manjano iliyofifia, na vifaru vya aina ya Panther vilivyopigana Kursk, Urusi, Julai mwaka huo vilikuwa nayo. Askari walipewa rangi nzito ya kijani na ya hudhurungi, wakaizimua kwa maji au petroli na kupaka mabaka wenyewe. Ndiyo maana vifaru viwili vya kikosi kimoja vingeweza kutofautiana kabisa (raha iliyoje kwa muundaji!).

Kabla ya kufungua kopo la rangi, tafuta mwaka wa picha, kisha linganisha bodi na mpira wa magurudumu. Bodi ikiwa na weupe kuliko mpira, huenda ni manjano. Vumbi nalo hudanganya, hivyo tazama sehemu zilizofutika. Vifaru vya makumbusho visikuamulie. Vingi vimepakwa upya.