Programu Huria: Tofauti ya Bure na Huria

Kiswahili kina bahati moja katika mjadala huu. Kiingereza hutumia neno lilelile, “free”, kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu chenye uhuru, na kwa sababu hiyo Richard Stallman, aliyetangaza mwaka 1983 mradi wa GNU wa kuunda mfumo endeshi huria, amelazimika kwa miaka mingi kufafanua kwamba anachokizungumzia ni uhuru wala si bei. Sisi tunayo maneno mawili, bure na huria. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hutoza ada, na hakuna anayesema jina lake linadanganya. Soko huria nalo si mahali pa kugawiwa bidhaa. Hata hivyo, wanafunzi wengi wa programu bado huziita programu huria “programu za bure”, na kosa hilo huwagharimu baadaye.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake chanzo, yaani maandishi ya mtunzi kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine, umetolewa pamoja na leseni inayomruhusu mtu yeyote kuitumia programu hiyo kwa shughuli yoyote, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha, na kuusambaza ukiwa kama ulivyo au ukiwa umebadilishwa. Shirika la Open Source Initiative, lililoundwa mwaka 1998, liliyaweka masharti hayo katika vipengele kumi, na mojawapo ni kwamba leseni isimbague mtu wala aina ya kazi. Kwa hiyo leseni inayosema “isitumike kibiashara” si leseni huria, hata kama msimbo uko wazi kwa kila mwenye macho.

Mfano ulio bora zaidi wa tofauti hii ni asili ya Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo ambacho mtayarishaji wa programu wa leo hukishika karibu kila siku. Kuanzia mwaka 2002, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, na wenzake walitunza mabadiliko ya msimbo wa mfumo huo endeshi huria kwa kutumia BitKeeper, programu ya kampuni iliyowaruhusu kuitumia bila malipo kwa masharti, likiwemo la kutotengeneza chombo cha kushindana nayo. Wengine walinung’unika tangu mwanzo kwamba mradi huria haupaswi kutegemea chombo kisicho huria, lakini kazi ilikwenda vizuri na manung’uniko hayakusikilizwa sana. Mwaka 2005 ulitokea ugomvi baada ya Andrew Tridgell, mtayarishaji wa programu huria, kuchunguza namna BitKeeper inavyowasiliana na seva zake, na kampuni ikaiondoa ile ruhusa ya kutumia bila malipo. Torvalds aliketi kuandika Git mwezi Aprili mwaka huohuo. Ndani ya siku chache Git ilikuwa tayari inautunza msimbo wake yenyewe. BitKeeper ilikuwa bure, na kilichokuwa bure kiliweza kuondolewa. Git ni huria, na nakala uliyokwisha kuipata kwa leseni yake hakuna awezaye kukupokonya haki ya kuitumia. Ajabu ni kwamba BitKeeper nayo ilifanywa huria mwaka 2016, wakati Git ilikuwa imekwisha kuenea duniani kote.

Kinachobeba uhuru huu, basi, ni leseni. Leseni hizo zina koo mbili kubwa. Ukoo wa kwanza, wenye leseni kama MIT na Apache, hudai machache: libakize jina la mtunzi na maneno ya leseni, kisha fanya utakalo, hata kuuingiza msimbo huo katika bidhaa ya siri. Ukoo wa pili, unaoongozwa na GPL, humtaka anayesambaza programu iliyobadilishwa aisambaze kwa leseni hiyohiyo, ili uhuru alioupokea usiishie mikononi mwake. Anayejenga programu ya mteja kwa kuokota vipande huku na huku lazima ajue kila kipande ni cha ukoo gani kabla ya kukabidhi kazi. Na mradi uliowekwa GitHub, mtandao wa kuhifadhi na kushirikiana msimbo, bila leseni yoyote si huria: haki zote zinabaki kwa mtunzi, na wewe umeruhusiwa kuuangalia tu pamoja na machache ambayo masharti ya mtandao huo yanayakubali.

Afrika Mashariki tumeyaona matunda ya jambo hili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu za ofisini, bila kungoja kampuni ya ng’ambo iamue kama soko letu lina faida. Ushahidi, programu huria ya kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani, iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 katika ghasia za baada ya uchaguzi, ilitumika Haiti baada ya tetemeko la 2010.

Kuhusu stadi, watu hukimbilia kujifunza amri za Git, na amri hizo ni za lazima, lakini naziona kuwa sehemu nyepesi. Kazi ngumu ni kusoma msimbo ulioandikwa na mtu usiyemfahamu mpaka uelewe kwa nini aliuandika hivyo. Inayofuata ni kueleza hitilafu kwa namna ambayo msimamizi wa mradi, pengine anayejitolea usiku baada ya ajira yake, ataweza kuirudia kwenye kompyuta yake: toleo gani, hatua zipi, ulitarajia nini, ukaona nini. Kisha hutengeneza tawi lako, yaani njia ya pembeni ya msimbo usiyogusa ule mkuu, hubadilisha jambo moja tu, huandika jaribio linaloonyesha kwamba badiliko linafanya kazi, na hutuma ombi la kuliunganisha. Msimamizi anaweza kulikataa. Hapo ndipo leseni inapoonekana tena, kwa sababu aliyekataliwa bado anaweza kuichukua nakala, kuipa jina jingine, na kuendelea nayo njia yake.