Maji yasipopewa njia, hujitafutia

Ukuta wa kuzuia udongo ukianza kuinama, wengi huulaumu udongo. Mimi huanza na matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya ukuta. Yakiwa makavu ilhali udongo wa nyuma umelowa chepechepe, jibu nimeshalipata. Maji yakijaa nyuma ya ukuta hadi kimo cha mita 3, huusukuma kwa nguvu ya karibu tani 4.5 kwa kila mita ya urefu wake, na mara nyingi msukumo huo huuzidi ule wa udongo mkavu. Kwa hiyo sipendi kusikia fundi akisema "tumeyaziba". Maji yapite, ila yasiondoke na udongo.

Mwaka 1856, Henry Darcy, mhandisi wa Dijon, Ufaransa, alichapisha majaribio yake ya kupitisha maji kwenye mchanga. Alionyesha kwamba tofauti ya kimo cha maji kati ya yanapoingilia na yanapotokea ikiongezeka, maji hupita mengi zaidi. Safari ikirefuka, hupita machache. Kinachobaki ni aina ya udongo, na hapo tofauti ni kubwa ajabu. Kwa msukumo uleule, mchanga wa kawaida unaweza kupitisha maji mita 8 hivi kwa siku, na mfinyanzi ulioshikamana sentimita 3 kwa mwaka mzima.

Hatari huanzia pale maji yanapotokea. Maji yakipanda juu kwa nguvu ya kutosha kwenye kitako cha tuta, punje za mchanga hupoteza uzito na mchanga huanza kububujika kana kwamba unachemka. Punje zikishaanza kutoka, tundu hujichimba kurudi nyuma kufuata maji yalikotoka. Ndiyo maana kwenye bwawa la udongo mimi huangalia sana rangi ya maji yanayovuja. Yakiwa maangavu, yapimwe na kufuatiliwa. Yakiwa na tope, bwawa linaliwa kwa ndani, na walio bonde la chini waondolewe kwanza. Bwawa la Teton, jimbo la Idaho, Marekani, lilikuwa likijazwa kwa mara ya kwanza lilipobomoka tarehe 5 Juni 1976. Asubuhi maji ya tope yalionekana yakivuja; kabla ya saa sita mchana ukingo ulikuwa umekatika. Watu 11 walifariki. Udongo laini wa kiini chake ulikuwa umegusana na miamba yenye nyufa, bila kichujio, yaani tabaka la kupitisha maji na kuzuia udongo, cha kuulinda.

Zamani kichujio kilikuwa tabaka za mchanga na kokoto zilizochekechwa kwa vipimo, na bado ni njia nzuri sana. Mwaka 1970, bwawa la Valcros huko Ufaransa lilitumia jiotekstaili, kitambaa cha nyuzi za plastiki, kama kichujio. Watu hudhani kitambaa hicho hufanya kazi kama chujio la chai. Sivyo. Mwanzoni huachia punje chache ndogo zipite, kisha kubwa hujipanga nyuma yake na kuzishika zile ndogo. Udongo hujichuja wenyewe. Kitambaa kinaushikilia tu. Matundu yakiwa makubwa mno, udongo unahama. Yakiwa madogo mno, kitambaa kinaziba na presha inapanda. Kwa hiyo udongo upimwe maabara kabla kitambaa hakijaagizwa.

Jiomembreni ni kitu kingine kabisa: karatasi nzito ya plastiki ya kuzuia maji, ya kutandika chini ya dampo au bwawa la majitaka. Nimeona vikichanganywa katika michoro, na kuiweka jiomembreni mahali pa kichujio ni kuyafungia maji ndani.

Wakati wa kutandika, jiotekstaili ilale ikigusa udongo kila mahali, bila mikunjo wala mapengo, kwa sababu penye uwazi ndipo udongo unapoanza kuhama. Vipande vipandane vizuri, kokoto zisimwagwe kutoka juu zikakitoboa kitambaa, na kisiachwe juani kwa wiki kadhaa, maana jua hudhoofisha nyuzi zake. Kifukiwe mapema.