Kituo cha ambulensi cha kupangisha: manispaa inapogeuka mwenye nyumba

Katika makabrasha ya vikao vya manispaa ndogo za Norwei hujitokeza mara kwa mara pendekezo la aina hii: manispaa ijenge kituo cha ambulensi, kisha ikipangishe. Mtu akilisoma haraka atadhani manispaa inaanzisha huduma ya ambulensi. Sivyo. Inachojenga ni nyumba, na itakachopokea ni kodi ya pango. Magari, wahudumu, dawa na zamu ni vya mwingine.

Huyo mwingine ni serikali kuu. Tarehe 1 Januari 2002 hospitali za Norwei ziliondolewa mikononi mwa majimbo zikawa mali ya serikali kuu, na leo ziko chini ya mamlaka nne za afya za kanda, kila moja na mashirika yake ya hospitali. Ambulensi zimo humo humo. Manispaa, ambazo tangu 2024 ni 357, zina daktari wa familia, daktari wa zamu, nyumba za wazee na zimamoto. Ndiyo maana kuna namba mbili za simu: 113 ya ambulensi, kwa anayepigania roho, na 116117 ya daktari wa zamu, kwa anayeweza kusubiri kidogo. Mkenya atasita hapa, kwa sababu Katiba yake ya 2010 imeitaja ambulensi waziwazi kuwa kazi ya kaunti. Huko Norwei manispaa haidaiwi ambulensi hata moja.

Sasa kwa nini ijitwishe mzigo wa jirani? Kwanza ni hofu ya umbali. Lengo lililowekwa tangu mwaka 2000 ni kwamba katika dharura kubwa ambulensi ifike ndani ya dakika 12 mjini na dakika 25 vijijini, kwa asilimia 90 ya matukio. Ni lengo tu, si haki ambayo mgonjwa anaweza kuidai mahakamani, na penye feri, mahandaki na theluji dakika 25 si nyingi. Pili ni pesa. Mikopo ambayo serikali huyapa mashirika ya hospitali inalenga miradi mikubwa, si gereji ya magari mawili kijijini. Manispaa, kwa upande wake, ina kiwanja, na ina kitu chenye thamani kuliko kiwanja: inakopesheka. Kisheria manispaa ya Norwei haiwezi kufilisiwa, na ipo benki ya Kommunalbanken, mali ya serikali kuu, ambayo kazi yake ni kuzikopesha manispaa na majimbo.

Tuchukue mfano, tarakimu nikizibuni mwenyewe. Ujenzi ni kroni milioni 24, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 25, yaani milioni 6. Ingekuwa shule, manispaa ingerudishiwa hizo 6. Lakini utaratibu wa kurejeshewa, kwa kanuni yake ya jumla, haugusi jengo la kuuza wala la kupangisha. Kwa hiyo mkopo ni milioni 30. Ukilipwa kwa miaka 30, kila mwaka linapungua deni la milioni 1; riba ikiwa asilimia 4, mwaka wa kwanza inaongezeka milioni 1.2. Kabla ya bima, umeme, ukarabati na mtu wa kuondoa theluji mlangoni, kodi ya pango inatakiwa ifike milioni 2.2. Ikipungua hapo, tofauti inatoka kwenye mfuko ule ule unaolipa walimu na wauguzi wa wazee.

Hesabu hiyo madiwani wengi huielewa. Inayowaponyoka ni ya muda. Mpangaji, yaani shirika la hospitali, anataka mkataba wa miaka 15. Mwaka wa 15 ukiisha, deni bado ni milioni 15, naye yuko huru kufunga virago. Atakayemrithi ni nani? Jengo lina gereji yenye mlango mrefu na mitambo ya kuvuta moshi, sehemu ya kuoshea magari, stoo ya dawa, na vyumba vya kulala wahudumu wa zamu. Kwenye kijiji cha watu 2,000 hakuna foleni ya wapangaji wa nyumba kama hiyo. Mimi ningekuwa diwani, ningeanza kusoma mkataba kwenye ukurasa wa kumalizika kwake, kabla hata ya kuuliza bei.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya manispaa ya 2018 inaruhusu kukopa ili kujenga, lakini kwa jengo la matumizi ya manispaa yenyewe. Mishahara na gharama za kila siku hazikopewi. Nyumba uliyoijenga ili mwingine aitumie, ni matumizi yako? Swali hilo linatakiwa lijibiwe kabla zabuni haijatangazwa. Njia mojawapo ni kuweka zimamoto na ambulensi chini ya paa moja, hivyo sehemu kubwa ya jengo ikabaki kwa kazi ya manispaa. Na manispaa iliyokwisha kuingizwa kwenye ROBEK, orodha ya zile zenye hesabu zilizoyumba, haichukui mkopo mpaka mwakilishi wa serikali kuu auidhinishe.

Kiswahili chetu kimefanya mzaha mzuri kwenye jambo hili: mpangaji ni anayeishi kwenye nyumba ya mwingine, na mpangaji ni anayepanga mambo. Hapa ni mtu mmoja. Shirika la hospitali ndilo linaloamua magari mangapi yakae kituoni, kama usiku kuna wahudumu walio macho au waliolala wakisubiri simu, na kama mwakani gari moja lihamishiwe bonde la pili. Diwani anayewaambia wapiga kura kwamba ukijengwa ukuta ambulensi haitaondoka, ameuza kitu kisichomo kwenye mkataba. Kodi ya pango inaweza kuendelea kuingia mwezi hadi mwezi, bila kuchelewa, huku gereji ya pili iko tupu.