Rompere: nani alikwambia kila kitu ni "ho rotto"?

Wanafunzi wangu wengi ni waongoza watalii wa Watamu na Malindi, watu wanaozungumza Kiitaliano kutwa ufukweni. Wanajua mengi, lakini sentensi moja imenichosha: "Ho rotto la mia gamba", yaani "nimevunja mguu wangu".

Dhana: wakati uliopita wa rompere (kuvunja) husaidiwa na avere (kuwa na) siku zote, essere (kuwa) waachie andare (kwenda) na venire (kuja).

Ukweli: avere ni pale unapovunja kitu. Ho rotto il bicchiere, nimevunja glasi. Ikivunjika yenyewe, il bicchiere si è rotto. Nawe ukivunjika mguu, mi sono rotto la gamba. Mwanamke atasema mi sono rotta. Hiyo mia, "wangu", itoe, kwani mguu ni wa nani mwingine? Kinachoniudhi ni kwamba Mswahili hana sababu ya kukosea hapa. Sisi husema "nimevunjika mguu": mtu mbele, mguu nyuma, na ile -ik- inafanya karibu kazi ile ile ya mi na si. Kosa hili limetoka kwenye Kiingereza cha shuleni. Ukitunga Kiitaliano, anzia Kiswahili! Na usikatize sentensi njiani: "mi sono rotto" tupu, bila kutaja kiungo, maana yake ni "nimechoshwa", tena kwa ukali. Hupati plasta kwa hilo.

Dhana: popote penye kuvunja, rompere inaingia. Wapi! Ukimya, sawa: rompere il silenzio. Uchumba pia. Lakini Bunge ni sciogliere, sheria ni infrangere au violare, rekodi ni battere.

Dhana: mwisho ni -ere, basi umbo linalofuata avere au essere ni "romputo". Hakuna kitu kama hicho. Ni rotto, sawa na corrotto na interrotto. Ruppi, ruppe na ruppero (nilivunja, alivunja, walivunja) utakutana nazo vitabuni; ufukweni ziache zilale. Mkazo nao uko mwanzoni, rómpere, rómpono. Acheni "rompére".

Dhana: "Non rompere!" ni utani tu, maana wageni wenyewe wanatupiana. Ni "usinisumbue", kifupi cha rompere le scatole, kuvunja maboksi, na hayo maboksi ni tafsida ya korodani. Marafiki wakiambiana, waache. Wewe usimwambie mteja, hata akiuliza bei ya mashua kwa mara ya kumi. Sema "un attimo, per favore", subiri kidogo tafadhali, umalizane naye.