Kisomeo ni nini, na kwa nini kisiitwe kishikwambi

Katika kabati la chuma la shule moja ya msingi upande wa Mbagala niliona visomeo ishirini, yaani vifaa bapa vya kusomea vitabu tu, vimepangwa kwa kusimama, kama sahani za shughuli. Vyote vilikuwa na picha moja tu kwenye kioo: betri tupu. Mwalimu aliyenifungulia alikuwa mama anayekaribia kustaafu. Nilimpa shikamoo yake, naye akanipa kifaa kimoja mkononi pamoja na swali.

"Hebu niambie, mwanangu, hiki kimekufa au ki hai? Maana mwaka wa pili huu hatujakichomeka popote, na picha haizimiki."

Wanafunzi walishaamua kwamba ile ni stika. Mmoja wao alijaribu kuibandua kwa ukucha, na mkwaruzo ulikuwepo bado.

Simu ikiisha chaji kioo kinakuwa cheusi, ubishi unakwisha. Hiki kiliisha chaji mwaka juzi na bado kinaonyesha. Ukijua sababu, umeshajua sehemu kubwa ya maana ya kisomeo, kwa hiyo nitaanzia hapo, baada ya kumaliza suala la jina.

Neno kishikwambi lilituingia masikioni wengi wetu wakati wa sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita mitaani na vifaa vile, ambavyo baadaye viligawiwa walimu. Tangu hapo kila kitu bapa chenye kioo kinaitwa kishikwambi. Lakini kishikwambi ni ndugu wa simu: kina rangi, kinacheza video, kinapiga picha, kinapakua programu. Kisomeo kina kazi moja, kuonyesha kurasa za kitabu. Wapo wanaokiita kisoma-vitabu, na wapo wanaosema Kindle, jina la kisomeo cha kampuni ya Amazon, hata kama si Kindle, kama tunavyosema Colgate kwa kila dawa ya mswaki. Mimi hapa nitasema kisomeo. Kitabu chenyewe kinachokaa ndani tunakiita kitabu pepe, kwa mfano uleule wa barua pepe.

Kioo cha kisomeo hakiwaki. Kinatumia wino wa kielektroniki, ambao mwishoni mwa miaka ya 1990 ulitoka katika maabara ya chuo cha MIT kule Marekani, na mwaka 1997 ikaundwa kampuni ya E Ink kuutengeneza. Ndani ya kioo mna vifuko vidogo sana, upana wake kama wa unywele, na ndani ya kila kifuko chembe nyeupe na chembe nyeusi zinaogelea kwenye kimiminika. Nyeupe zina chaji ya umeme ya aina moja, chanya au hasi, nyeusi zina ya kinyume chake. Umeme ukipita kidogo, nyeupe zinapanda juu na nyeusi zinazama, au kinyume chake, na kwa namna hiyo herufi inajichora.

Mfano mzuri ni watoto wa halaiki pale Uwanja wa Uhuru. Filimbi ikilia wanakimbia kila mtu kwenye nafasi yake, linatokea umbo la ramani ya Tanzania. Wakishafika wanasimama, hawahitaji filimbi nyingine ili wabaki pale walipo. Chembe za wino nazo ziko hivyo: umeme unatumika kuzihamisha tu, na zikishatulia ukurasa unabaki hata betri ikikauka kabisa. Kabla ya kuzimika, visomeo vile vya Mbagala vilichora picha ya betri tupu, halaiki ikasimama, na hakuna aliyepuliza filimbi tena kwa miaka miwili.

Faida zake nyingi zinatokana na hilo. Kisomeo kinakula umeme hasa pale unapofungua ukurasa mpya, kwa hiyo chaji moja inafika wiki kadhaa, wakati kishikwambi kikitumika kutwa hakimalizi siku ya pili. Wakati wa kuchaji, kisomeo kimoja kinavuta kama wati 5. Ishirini kwenye ekstensheni ni wati 100, sawa na ile balbu ya zamani ya njano. Ukiviacha saa nne, nusu uniti ya Luku haiishi. Mwalimu mkuu anayelia na bili ya pampu ya maji hana haja ya kugombana na kabati la visomeo.

Halafu kuna jua. Toka na kishikwambi saa sita mchana chini ya jua la Dar uone: utajiona sura yako mwenyewe. Kisomeo kinasomeka kwa mwanga wa nje kama karatasi, na jua likizidi kuwaka herufi zinazidi kuonekana. Darasa lenye wanafunzi zaidi ya mia, ambalo kundi moja linatolewa kusomea chini ya mwarobaini, linakihitaji kitu cha namna hiyo. Usiku hadithi ni nyingine, kwa sababu visomeo vya zamani havina taa, na vyenye taa vina bei yake.

Na hakina michezo wala WhatsApp. Wauzaji huona aibu kulisema hilo, mimi naliona ndio ubora wenyewe. Mpe mtoto wa darasa la sita kishikwambi umwambie asome hadithi, kisha geuka uandike ubaoni. Ukirudi atakuwa amejipiga picha kumi na saba.

Kuhusu gharama nitapita haraka. Kindle ya kwanza iliuzwa mwaka 2007 kwa dola 399. Kufikia 2011 Amazon ilikuwa na ya dola 79 yenye matangazo. Kifaa chenyewe kilishuka bei kiasi hicho, na kwa uzoefu wangu shule hazikwami hapo.

Zinakwama wapi basi? Ghana ilituonyesha mapema. Mwaka 2010 shirika la Worldreader, lililoanzishwa na David Risher, aliyewahi kuwa mmoja wa viongozi wa juu wa Amazon, pamoja na Colin McElwee, lilianza kupeleka visomeo katika shule za huko. Watu wengi waliogopa wizi. Wizi ukawa mdogo. Kilichowaumiza ni kuvunjika: katika jaribio la mwanzo takriban vifaa vinne katika kila kumi viliharibika. Juu ya kisomeo mna plastiki, lakini chini yake wino umelazwa juu ya kioo chembamba sana. Mtoto akiweka begi kwenye dawati la watu watatu, mwenzake akalikalia, kwa nje kifaa kiko salama, huoni hata mkwaruzo. Ukikiwasha, nusu ya ukurasa ni mistari. Fundi simu wa Kariakoo atakwambia anaweza, kisha atakwambia kioo hicho hakipo sokoni, labda uagize. Shirika hilo lenyewe baadaye liliegemea zaidi kwenye vitabu vya kusomea kwenye simu, kwani simu tayari ziko majumbani.

Watu hulichanganya hilo la Ghana na jaribio la kwetu Tanga. Mashindano ya Global Learning XPRIZE, ya kutafuta programu ya kumfundisha mtoto kusoma, yalipeleka vishikwambi, si visomeo, kwa watoto karibu elfu tatu katika vijiji takriban 170 vya mkoa huo, wengi wao hawajawahi kukaa darasani. Programu zilikuwa za Kiswahili na vijiji viliwekewa vituo vya kuchaji kwa jua. Mwaka 2019 washindi walikuwa wawili, onebillion na Kitkit School. Pale kifaa kilikuwa kinafundisha kusoma: kinatamka sauti, kinasahihisha, kinachora kwa rangi. Kisomeo hakifundishi mtu kusoma. Mtoto wa darasa la kwanza aliye kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), anayehitaji picha ya ndizi ya njano kando ya silabi, kisomeo cheusi na cheupe kitamchosha. Kisomeo kinamfaa anayejua kusoma tayari ila hana cha kusoma, na watoto wa namna hiyo hapa mjini ni wengi mno.

Nasema hana cha kusoma kwa sababu vitabu vyetu ni vya aina mbili, vya kiada na vya ziada. Vya kiada vinaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania pale Mikocheni, ambayo pia imeviweka kwenye maktaba mtandao yake ili visomwe bure. Ni vikubwa, vina michoro, majedwali na mazoezi. Mfadhili mwenye moyo mzuri anavichukua kama PDF, anavipakia kwenye kisomeo cha inchi sita, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. PDF ni kama picha ya ukurasa, haijipangi upya. Ukurasa ulioandaliwa kwa karatasi ya A4 ukiubana kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja, herufi zinakuwa sisimizi. Ukivuta zikue, unasoma nusu mstari, unasukuma kulia, unarudi kushoto, na darasa limeshasahau swali. Kitabu kinachotakiwa ni cha EPUB au jamii yake, ambacho maneno yake yanajipanga yenyewe kulingana na kioo. Kwa maoni yangu, vya kiada viachwe kwenye karatasi na kompyuta, kisomeo kijazwe vya ziada: hadithi, riwaya fupi, ngano, maisha ya watu.

Hapo unakutana na tatizo la pili, ambalo ni letu wenyewe. Vitabu vingi vya watoto vya Kiswahili haviuzwi pepe popote. Vilivyopo kwa leseni huria, kama vya African Storybook, ni vizuri lakini ni vifupi, vingi dakika kumi mtoto wa darasa la sita amemaliza. Na kwa vile vya kuuzwa, jambo moja lieleweke: kitabu cha karatasi ukikinunua ni chako, unaweza kukiazimisha mpaka kichakae. Kitabu pepe mara nyingi unanunua ruhusa ya kukisoma, na ruhusa hiyo ina idadi ya vifaa. Shule ikidhani imenunua kitabu kimoja cha kuweka kwenye visomeo arobaini, imedhani vibaya.

Hata kitabu kikipatikana, mashine hizi zilitungwa na watu wasiosema Kiswahili. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akisoma Kiingereza, lugha iliyomwangukia ghafla baada ya miaka saba ya Kiswahili, anagusa neno asilolijua na maana inatokea. Hilo peke yake linatosha kunishawishi kwa sekondari. Lakini jaribu kuweka kamusi ya Kiswahili, kisha gusa "walimsomesha". Kifaa kinatafuta neno linaloanza na wa-, hakioni kitu, kinanyamaza. Hakijui kwamba lazima kivue wa, kivue li, kivue m, kikate na mkia, ndipo kifike kwenye soma. Mtoto wa darasa la nne anafanya hivyo bila kufikiri. Tena angalia ng'ombe: faili likibadilishwa vibaya, kile kialama cha juu kinageuka alama ya ajabu, ng'ombe anakuwa ng?ombe, na watoto wanacheka hadi kengele inalia.

Mwisho kuna ufunguo wa kabati. Shule nyingi huukabidhi kwa mtu mmoja, naye akienda semina Dodoma visomeo navyo vimeenda semina. Pale nilipoona vinatumika kweli, kulikuwa na kaunta buku mezani, na wanafunzi wawili wa darasa la saba wakiandika nani amechukua namba ngapi na amerudisha lini, kama maktaba ya kawaida. Na kabla ya likizo ya Desemba waliviacha na chaji nusu. Betri ya lithiamu ikiachwa tupu miezi mingi inaweza isiamke tena.

Vile vya Mbagala tulivichomeka vyote ishirini siku ileile. Kwa nusu saa hakikutokea kitu, mwalimu akaanza kunitazama kama fundi tapeli. Kisha kimoja kikameta, chembe zikakimbia, betri tupu ikafutika. Hadi saa tisa alasiri vilikuwa vimeamka kumi na kimoja. Ndani mlikuwa na vitabu sitini hivi, vya Kiswahili saba.

Mwalimu alichagua cha sungura na fisi. Miwani yake alikuwa ameisahau nyumbani, hivyo nikamwonyesha pa kukuza herufi, naye akakuza, akakuza tena, mpaka ikafika mwisho na neno "hawakukubaliana" likachukua mstari mzima peke yake. Akakisogeza dirishani kwenye mwanga, akaanza kusoma kwa sauti, taratibu. Nilinyoosha mkono nikirudishe kabatini, akanipa mgongo.