Mateso Yasiyo ya Lazima: Neno Linaloibeba Sheria ya Manyoya

Anayesoma Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, hukutana na kosa la kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Maneno hayo tumeyarithi kutoka Uingereza, na katika miaka yangu ya kufundisha sheria nimeona wanafunzi wengi wakiyapita mbio ili wafike kwenye kifungu cha adhabu. Mimi huwarudisha nyuma, kwa kuwa uzito wa kosa zima umekaa katika neno moja, "lazima". Lazima kwa nani, na kwa ajili ya nini? Biashara ya manyoya, yaani ya ngozi za wanyama zenye manyoya zinazoshonewa makoti na mavazi mengine, ndiyo inayonisaidia kulieleza swali hili kuliko mfano mwingine wowote.

Jibu la zamani ninalolithamini lilitolewa mwaka 1889 katika shauri la Ford dhidi ya Wiley. Mkulima mmoja wa Norfolk alikuwa amewakata ng'ombe wake pembe kwa msumeno, karibu kabisa na fuvu, na utetezi ulikuwa kwamba ng'ombe asiye na pembe ni rahisi kumtunza na humpatia mwenyewe bei nzuri zaidi sokoni. Jaji Mkuu Lord Coleridge na mwenzake Hawkins waliikataa hoja hiyo. Waliona kwamba faida ya mwenye mali, peke yake, haiyafanyi maumivu kuwa ya lazima: ni sharti kuwepo lengo halali linalostahili, na hata likiwepo, maumivu yasizidi kile ambacho lengo hilo linakihitaji.

Ukiuchukua mtihani huo ukaupeleka kwenye shamba la minki, unaona mara moja kwa nini wafugaji hawakutaka uulizwe. Minki ni mnyama mdogo mla nyama, anayeishi peke yake kandokando ya maji na kuwinda humo. Shambani huzaliwa majira ya kuchipua na kuuawa kwa gesi mwishoni mwa mwaka uleule, manyoya ya baridi yanapokomaa. Kwa muda mrefu kanuni za Ulaya zililiacha lengo la ufugaji huu bila kuliuliza, zikajishughulisha na vipimo. Pendekezo la Baraza la Ulaya la mwaka 1999 liliweka kizimba chenye sakafu ya sentimita za mraba 2,550 kwa minki mzima mmoja, yaani karibu karatasi nne za A4 zilizolazwa pamoja, na kimo cha sentimita 45.

Mwaka 2001 Georgia Mason na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti ambao, kwa maoni yangu, uliifanya hoja ya vipimo isitoshe tena. Minki waliwekewa milango yenye uzito wa kusukumwa ili wafikie vitu mbalimbali, na kitu walichokitafuta kwa bidii kubwa kuliko vingine ni dimbwi la kuogelea. Walipofungiwa dimbwi hilo, kotisoli, homoni ya msongo, ilipanda kwa kiwango kinachokaribia kile cha kunyimwa chakula. Wanyama hao walikuwa wamelelewa vizimbani, kwa hiyo dai kwamba vizazi vya ufugaji vimekwisha kuwasahaulisha maji halikuweza kusimama.

Uswisi ilikuwa imekwisha kuonyesha matokeo ya kuyachukulia mahitaji hayo kwa uzito. Sheria yake ya ustawi iliwadai wafugaji wa manyoya viwango vinavyokaribia vile vya bustani za wanyama, na hapakubaki shamba hata moja. Ujerumani ilifuata njia hiyohiyo mwaka 2017, na shamba lake la mwisho likafungwa mwaka 2019. Nadhani ukweli huu unatosha kuhukumu: ikiwa biashara inakufa pindi mnyama anapopewa maji na nafasi, basi faida yake ilikuwa inatokana na kumnyima vitu hivyo.

Bunge la Uingereza lilichagua njia tofauti, na kwa mwanasheria njia hiyo ina mengi ya kufundisha. Sheria ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika kwa mashamba ya England na Wales Januari 2003, haitaji ukubwa wa vizimba. Inafanya kuwa jinai kufuga mnyama kwa lengo pekee au lengo kuu la kumchinja kwa ajili ya thamani ya manyoya yake. Kosa limo katika lengo, na msingi uliotolewa ulikuwa maadili ya umma. Kondoo anayefugwa kwa nyama, ngozi yake ikauzwa baadaye, hakuguswa. Wapinzani waliuita ubaguzi. Mimi naona Bunge lilikuwa linaijibu ile hoja ya mwaka 1889.

Lakini Bunge halikuzuia uagizaji. Ngozi ya minki aliyefugwa ng'ambo, katika kizimba ambacho England ingekifanya kosa la jinai, iliendelea kuuzwa London kihalali. Hofu ya kukiuka mikataba ya biashara ilitajwa mara nyingi kuwa sababu, ingawa mwaka 2014 Shirika la Biashara Duniani, katika shauri ambalo Kanada na Norwei zilipinga katazo la Ulaya la bidhaa za sili, mnyama wa baharini anayewindwa kwa nyama na ngozi yake, lilikubali kwamba ustawi wa wanyama unaweza kuwa suala la maadili ya umma. Kilichoiangusha Ulaya kwa sehemu ni jinsi msamaha kwa wawindaji Wainuiti, wenyeji wa nchi za baridi kali za kaskazini, ulivyopangwa bila usawa. Msamaha wenyewe, naamini, ulikuwa wa haki, kwa kuwa mtu anayewinda sili ili ale na avae ana jibu kwa swali la lazima ambalo mwenye duka la makoti hana.

Israeli ilikwenda hadi sokoni mwaka 2021. Uuzaji wa manyoya kwa mitindo ulikatazwa, na vibali vikabaki kwa utafiti, elimu, na dini au mila, ikiwemo kofia ya manyoya inayovaliwa siku za Sabato na Wayahudi wa Kihasidi, kundi linaloshika dini kwa msimamo mkali. Wengi wanaulaumu msamaha huo. Mimi huwapa wanafunzi wangu kifungu hicho wakisome kwa makini, kwa sababu humo, tofauti na katika Sura ya 360, ni anayetaka ngozi ndiye anayetakiwa kueleza anaitakia nini.