Kizuizi cha asili humlinda nani?

Kila mjadala wa kujenga kituo cha kurushia roketi nchini unapozuka hapa Kisumu, hasa miongoni mwa wale wanaojivunia kwamba ikweta inapita Maseno, hakosekani mtu wa kudai kwamba Ziwa Victoria lingekuwa kizuizi cha asili tosha, kwa kuwa hakuna adui wala mwizi ambaye angevuka maji bila kuonekana. Nimeyasikia maelezo hayo hata redioni, tena kwa uhakika mkubwa. Kizuizi cha asili, kwa ufupi, ni bahari, kinamasi, jangwa au msitu unaoweka umbali kati ya roketi na watu. Watu hukosea si katika maana hiyo, bali katika kuamua ni nani anayelindwa.

Kuizuia hujuma na wizi ni kazi ya ulinzi, na ulinzi hutegemea ua wa nyaya, kamera, vitambulisho vya getini na askari. Kwenye kituo cha roketi cha Kourou, katika Guiana ya Ufaransa, msitu ni mnene ajabu, na bado wanajeshi wa Légion étrangère, kikosi cha jeshi la Ufaransa kinachoandikisha wageni, hufanya doria ndani yake, kwa sababu msitu haumzuii mtu aliyedhamiria kupita. Huko Florida, ardhi ambayo NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilichukua kwa ajili ya kituo chake cha roketi na kutoitumia kwa ujenzi ilifanywa hifadhi ya wanyama ya Merritt Island mwaka 1963. Mamba wa vinamasi vya hifadhi hiyo hupendwa sana na wasimulizi, lakini hakuna aliyewaajiri kuwa mabawabu.

Usalama ni jambo jingine, na humlinda mtu dhidi ya roketi. Roketi inayopaa imebeba fueli nyingi, na ikikengeuka njia, huamriwa ijilipue angani ili vipande vyake viangukie mahali pasipo na watu. Hata safari ikienda vizuri, sehemu ya chini ya roketi nyingi hutengana na chombo fueli yake inapokwisha, ikaanguka. Kwa hiyo ule utupu unaoitwa kizuizi cha asili lazima uwe chini ya njia ya roketi, mbele yake. Ukiwa nyuma, hausaidii sana.

Hapo ndipo hoja ya ziwa letu inapokwama. Roketi nyingi hurushwa kuelekea mashariki ili zipokee msukumo wa dunia inavyojizungusha, ambao kwenye ikweta ni takriban mita 465 kwa sekunde. Mashariki ya Kisumu kuna Nandi, Kericho na Nakuru, kumejaa watu, mashamba na shule, na ziwa lote liko mgongoni. Inawezekana kurusha kuelekea magharibi, jinsi Israeli inavyofanya kutoka Palmachim juu ya Bahari ya Mediterania ili roketi zisipite juu ya majirani zake, lakini anayefanya hivyo huukosa msukumo huo na hulazimika kuufidia kwa fueli. Isitoshe, usiku usio na mbalamwezi ziwa hilo hung'aa taa za wavuvi wa omena kama mji mzima, na ng'ambo yake ni Uganda. Waitaliano waliorusha roketi kutoka majukwaa ya baharini huko Ngomeni, karibu na Malindi, ikiwemo ile iliyobeba setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, walikuwa na Bahari ya Hindi mbele yao.

Mfano unaotenganisha mambo haya waziwazi ni kituo cha Xichang nchini China. Kilijengwa bara, milimani, mbali na pwani ambako adui angekifikia kwa urahisi, na kwa hilo milima ilifaa. Lakini tarehe 15 Februari 1996 roketi ya Chang Zheng 3B iliinama mara tu ilipoanza kupaa, ikagonga mlima karibu na makazi ya watu. Idadi rasmi ya waliokufa ni sita. China baadaye ilijenga kituo cha Wenchang kwenye kisiwa cha Hainan, kinachoelekea baharini, na roketi ya kwanza ilirushwa huko mwaka 2016.

Bahari nayo haijiondolei vyombo. Kabla ya kila safari, mabaharia na marubani hutangaziwa eneo la kuepukwa, kisha linakaguliwa. Tarehe 27 Oktoba 2014 huko Wallops, Virginia, safari ya roketi ya Antares iliahirishwa kwa sababu mashua moja ya tanga ilikuwa ndani ya eneo hilo. Roketi iliporushwa kesho yake, ililipuka sekunde chache baada ya kupaa, na hakuna aliyeumia. Mtangazaji anayesimulia kisa kama hicho akisema mashua "ilivunja ulinzi wa kituo" ataeleweka, ila ingefaa zaidi aseme kwamba iliingia katika eneo la hatari, maana nahodha wake hakushukiwa lolote. Aliyekuwa akihofiwa maisha yake ni yeye.